Picha za Siku Ileile

4 Februari 2006

Kidole, mpwa wangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana sina subira. Huku tu wazima wa wastani. Mama yako goti linamsumbua kwenye ngazi, na ukimwambia apumzike anapanda mara mbili kukukomoa. Paka wa studio amezaa ndani ya sanduku la taa. Watoto wanne, wote weusi tii. Hakuna hata mmoja anayefaa kupigwa picha.

Studio ipo. Siku hizi ni picha za pasipoti na vitambulisho tu. Mtu anakaa kitini amenuna, namwambia, "Tabasamu," ananijibu kwamba ofisini wamekataza kucheka. Mimi, ambaye mji mzima unaniita Tabasamu kwa neno hilohilo! Basi napiga hivyohivyo, sura kama ya mtu anayengoja kung'olewa jino.

Sasa neno lenyewe. Fundi redio alipita huko kwenu kwa shughuli zake. Anasema alikuona kwenye harusi ya nje, umelala kifudifudi kwenye nyasi, gauni zuri umelivaa, unampiga picha bibi harusi kutokea chini. Nikamuuliza, kwa kamera gani? Akasema hajui, ila kila ukipiga unaigeuza na kuitazama mgongoni, kama mtu anayeangalia saa.

Kidole, kamera niliyokupa mimi haina cha kutazamwa mgongoni.

Inaendeleaje? Unaipangusa? Na kama kweli unafanya kazi nje, usimweke mtu kwenye jua la saa saba. Anakuwa na mashimo badala ya macho. Mtafutie kivuli chenye mwanga wa pembeni. Haya nilikufundisha tangu ulipokuwa na miaka sita na hukuwa na kazi nyingine ila kuziba lenzi yangu kwa kidole.

Mjomba wako,
Tabasamu


27 Februari 2006

Shikamoo Mjomba, ingawa umeshaitikia.

Mimi mzima kabisa. Nimehama chumba. Sasa niko ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, dirisha linatazama uani, na asubuhi napata ule mwanga laini unaoupenda. Mama mwenye nyumba amenizoea. Mwanzo alidhani nafanya kazi gerezani kwa sababu kila mara nasema naenda "kuwapiga" watu.

Fundi redio hakudanganya. Nilikuwa kwenye nyasi, na lile gauni halikutakata tena. Lakini ungeiona ile picha! Studioni ulinipa taa nne na nikaziamrisha nitakavyo. Huku taa ni moja tu, iko juu, na haipokei amri ya mtu. Wingu likipita, nabadilisha kila kitu. Upepo ukivuma, shela linamfunika bwana harusi usoni na watu wanashangilia, na mimi nina nusu sekunde. Mwezi uliopita walifunga mahema ya buluu. Wageni wote wakawa na rangi ya watu waliokaa majini siku tatu. Mshereheshaji akang'ang'ania maharusi wabaki ndani ya hema. Nikamwambia, "Kaka, wewe una kipaza sauti, mimi nina macho. Kila mtu ashike chake." Wakatoka wakasimama kando ya ukuta mweupe. Zile picha sasa zimetundikwa sebuleni kwao, kubwa kama mlango.

Watu wameanza kuniulizia, Mjomba. Wanasema, "Mtuitie yule dada wa nyasi." Nasikia raha, siwezi kukuficha.

Ndiyo, ni kamera ya dijitali. Usichane barua. Napiga mia tatu kwa harusi moja, na naona palepale kama mtu amefumba macho.

Nina swali. Baba na mama nao walioana nje, kwenye uwanja wa shule, na wewe ndiye uliyepiga. Mbona nyumbani kuna picha moja tu? Nyingine ziko wapi? Na Bibi aliziona kabla hajafariki? Mama nikimuuliza anasema, "Muulize mjomba wako."

Mpwa wako,
Kidole


20 Machi 2006

Kidole,

Barua yako ilifika na kona imelowa, nadhani mtu wa posta aliiwekea kikombe cha chai. Mama yako anasema ule na ulale. Kaka yako amepata kazi ya kuendesha trekta, anatembea mjini kama amelitengeneza yeye.

Mia tatu kwa harusi moja! Mimi nilipewa mkanda wa picha thelathini na sita, na katika hizo niliwatosheleza watu wa familia mbili, wapambe, wazee wote na majirani waliojipenyeza. Ukijua unazo thelathini na sita, unatazama kwanza. Hizo zako ni kunyunyiza maji, moja itampata mtu. Na picha isiyo na mkanda wa kuushika mkononi, kwangu bado ni maneno ya mtu.

Hata hivyo, habari ya ukuta mweupe nimeisoma mara mbili. Umefanya vizuri. Nimemsomea na fundi redio.

Harusi ya mama yako ni ya miaka ishirini na minane iliyopita. Mkanda uliingia mwanga ukaungua, ikanusurika moja. Nilishamwambia zamani. Yaishe.

Hukunijibu kuhusu kamera yangu. Nauliza kwa mara ya pili.

Tabasamu


2 Juni 2006

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimekuwa mzima, kazi tu imenizidi. Mwezi wa tano sikupumzika Jumamosi hata moja. Mwambie Mama nakula. Mwambie kaka yangu anipigie picha na hilo trekta.

Kuhusu kamera yako nitajibu mwishoni. Kwanza usome kisa hiki, maana nikianza na jibu hutasoma kilichobaki.

Jumamosi ya tarehe sita nilikuwa kwenye harusi kwenye bustani ya miche, nje kidogo ya mji. Baba wa bibi harusi ni seremala. Alikuwa amelazwa hospitali wiki ya tano, na madaktari walishaacha kuzungumzia kumruhusu. Kabla hajalazwa alikuwa amemtengenezea binti yake benchi la kukalia siku hiyo, la mbao nyekundu, egemeo limechongwa majani. Wakafunga ndoa wakiwa wamesimama mbele ya hilo benchi, kisha wakalikalia. Nikapiga. Mwanga ulikuwa wa saa nane, lakini niliwaweka chini ya wavu wa kivuli cha miche, Mjomba, ukawa unashuka kama umechujwa. Najua ungeridhika.

Tulipopumzika bibi harusi akaniita pembeni.

"Dada, picha zitakuwa tayari lini?"

"Wiki mbili."

Akatazama chini. "Baba hana wiki mbili."

Nilikuwa nimeishika kamera mkononi. Nikaigeuza, nikamwonyesha kile kioo cha nyuma, na picha yake mwenyewe akiwa kwenye benchi. Tukatazamana. Nikamuuliza, "Hospitali ni mbali?"

"Dakika ishirini."

Mshereheshaji alipoona naufunga mkoba akaja mbio. "Mpiga picha haondoki kabla keki haijakatwa!" Mama mkwe naye akasimama. "Hii ni harusi au ni zamu ya wauguzi? Atakayezipiga picha za keki ni nani?" Bibi harusi hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mama, keki itakatwa. Baba akate tamaa kwa nini?" Basi shemeji yake, kavaa suti yake ya kijivu na ua kifuani, akawasha pikipiki, tukaondoka.

Wodini muuguzi alituzuia. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado. Sikubishana naye, nilimwonyesha picha moja. Akaitazama, akatazama saa, akasema, "Mimi nakwenda kubadilisha shuka chumba cha pili. Sijaona mtu."

Yule mzee alikuwa mwembamba mpaka mto ulionekana mkubwa. Nikamwambia mimi ni mpiga picha wa binti yake. Akaomba miwani. Kioo chenyewe, Mjomba, ni kidogo kama kiberiti. Akakisogeza karibu na pua. Nilidhani atalia. Akakunja uso akasema, "Mguu wa kushoto wa benchi umezama. Nani kaliweka kwenye udongo laini?"

Shemeji akacheka mpaka akatoka nje.

Kisha akaanza kutazama kweli. Moja moja. "Huyu ni nani? Aa, shangazi yake, kumbe kaja." "Hapa anacheka nini?" "Rudisha nyuma. Tena." Zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Tulipofika tisini, taa ya betri ikaanza kuwaka nyekundu. Nilikuwa na betri moja ya akiba, ya keki na ya jioni yote. Nikamtazama mzee. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe, anangoja nyingine.

Nikabadilisha betri.

Tulipomaliza alirudia mwanzo mwenyewe, bila kuniuliza. Akaivua miwani akasema, "Basi na mimi nilikuwepo." Alinishika mkono wangu, akautikisa kama watu waliopatana bei.

Tuliporudi bustanini keki ilikuwa imeshakatwa. Nikapiga picha chache za ngoma, betri ikaisha. Picha za keki zipo tatu, alizipiga mgeni kwa kamera yake ndogo, na katika zote kisu hakionekani. Mama mkwe hajanisamehe. Anawaambia watu kwamba mimi ni mpiga picha wa wodini.

Mzee alifariki Jumatano yake. Mazishini mke wake alisimama akawaambia watu, "Mume wangu aliiona harusi ya mwanawe siku ileile." Nimepiga harusi arobaini na moja, Mjomba. Hakuna niliyoikosea kama hiyo, na hakuna ninayojivunia zaidi.

Sasa jibu. Kamera yako sinayo. Mwaka jana niliipeleka kwa muuza kamera, nikaiacha pale na akiba yangu yote, nikatoka na hii. Nilikaa kwenye ngazi za duka lake nikalia. Wiki iliyofuata nilirudi kuitazama tu, nikaambiwa imeshachukuliwa. Nilishindwa kukuandikia. Nilijua ile ndiyo uliyompigia Mama. Nigombeze, nitavumilia, ila usininunie.

Kidole


30 Julai 2006

Shikamoo Mjomba.

Natumai hamjambo. Mimi nipo. Leo ni wiki ya nane na sijapata neno lako. Mama ameniandikia kwamba barua yangu ilipofika uliisoma umesimama mlangoni, ukafunga studio siku mbili, na hukumwambia mtu sababu. Anauliza nimekuandikia nini.

Kama ni kamera, sema. Ukinitukana nitajua la kufanya. Ukinyamaza sijui.

Kidole


19 Agosti 2006

Mpwa wangu,

Nakusalimu. Mama yako goti limepungua. Watoto wa paka wamegawiwa watu, mmoja nimebaki naye kwa sababu hakuna aliyemtaka. Jua ni kali. Habari zimeisha, nimezitafuta na nyingine sina.

Si kamera. Kamera ni chuma na kioo. Umeipeleka ilikokufaa, na ningekuwa kijana wa leo ningefanya vilevile, kwa shingo upande. Halafu ungeniambia tangu mwanzo, mjinga wewe. Hilo nimelimaliza.

Nilifunga studio kwa sababu ya yule seremala.

Uliniuliza kama Bibi yako aliziona picha za harusi. Sasa nakujibu. Wiki ya harusi ya mama yako, mama yetu alikuwa kitandani, chumba cha ndani. Uwanja wa shule ulikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani, na hakuweza kubebwa hata hatua kumi. Asubuhi ile alinishika shati akasema, "Nenda ukanipigie vizuri. Mimi nitaziona kwenye picha."

Nilikuwa na mikanda miwili mezani. Mmoja wa nyeusi na nyeupe. Huo ningeusafisha mwenyewe katika chumba changu cha giza, na kabla jua halijazama ningekuwa nimekaa kando ya kitanda chake na picha bado zina unyevu. Mwingine ulikuwa wa rangi. Mji wetu mzima hakuna aliyewahi kupiga harusi ya rangi. Huo ulitakiwa kupelekwa mji mkuu kwa basi, ukasafishwe huko, urudi. Wiki tatu.

Nilitia wa rangi, Kidole. Nilitaka niwe wa kwanza. Nilitaka watu wasimame dirishani pa studio yangu waseme, mtazameni huyu.

Kila asubuhi Bibi yako aliuliza, "Zimefika?" Nikamwambia, "Kesho." Siku ya kumi na sita hakuuliza. Bahasha ilikuja siku tano baada ya kumzika.

Mkanda haukuungua. Nilidanganya. Zilitoka zote thelathini na sita, na zilikuwa nzuri, na uzuri wake ndio ulioniumiza. Nilimpa mama yako moja, ili asikose kabisa. Thelathini na tano nilizifungia kwenye bati la biskuti, na sikuzionyesha mtu. Dirishani sikutundika hata moja. Miaka yote nikawa naikebehi kila kamera mpya inayokuja, na watu wakadhani ni ukaidi wa kizee.

Nawe ukapewa betri moja, uchague kati ya keki na mzee wa watu. Hukukaa kufikiri jina lako litasemwaje. Nilikufundisha mwanga, kimo na kivuli. Hilo la betri sikukufundisha mimi, sikuwa nalo la kukufundisha. Nimesoma barua yako mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nimewasomea fundi redio, kinyozi na mwalimu mstaafu. Kinyozi aliacha mteja na nusu ya ndevu.

Mpiga picha wa wodini. Jina zuri kuliko langu.

Tabasamu


10 Septemba 2006

Shikamoo Mjomba wangu,

Mimi mzima, na nimeisoma barua yako nimekaa chini.

Sitakuambia kwamba haikuwa kosa. Ungejua nakudanganya. Lakini nakujua wewe ni mtu ambaye kila mteja akija kuchukua picha ya marehemu wake, unaacha chakula unamtafutia siku hiyohiyo. Nilidhani ni tabia yako tu. Sasa najua ulikuwa unamtafutia nani.

Lile la betri unasema hukunifundisha. Nilikuwa na miaka tisa nilipokuona ukimfungulia studio yule mama aliyetaka picha ya mwanawe kabla gari la safari halijaondoka, nawe ulikuwa na homa. Sikulitoa hewani.

Ombi langu ni moja. Lile bati, mpelekee Mama. Usilitume na mtu. Nenda nalo mwenyewe.

Natuma kifurushi kwa basi la Ijumaa, kipokee stendi. Ni kamera ndogo ya dijitali ya kuanzia, si hii yangu, pamoja na chaja na kadi. Maelekezo nimeyaandika kwa mkono, herufi kubwa. Usiseme huitaki kabla hujaishika.

Kidole


15 Oktoba 2006

Kidole,

Marahaba mara tatu. Tu wazima huku, na leo siandiki kwa kuzungukazunguka.

Nilikwenda kwa mama yako Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Nikaweka bati mezani nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kama mtoto aliyevunja chombo. Hakunikatiza. Alifungua bati akazipanga zote mezani, akavaa miwani, akainama. Neno lake la kwanza likawa, "Kumbe nilikuwa na kiuno!"

Kisha akaivua miwani, na nikajua sasa linakuja.

"Kaka," akasema, "nilijua ziko. Mtu aliyeunguza mkanda hakai mwaka mzima bila kunitazama machoni. Nilikuwa nangoja uchoke."

"Mama hakuziona," nikamwambia.

"Mama ndiye aliyenivalisha. Nilikaa pale kitandani kwake, akanifunga vifungo vyote mgongoni kwa mikono yake inayotetemeka, akanigeuza huku na huku. Aliniona kabla yenu nyote. Hizi alizitaka ili akuone wewe. Alitaka kuona kazi yako."

Kidole, mimi ni mtu mzima na nililia kwenye kitambaa cha meza cha dada yangu.

Alinipa chai. Akanigombeza pia, usidhani nilisamehewa bure. Alinigombeza mpaka chai ya pili. Kisha akachagua mbili akasema, "Hizi zikae dirishani kwako, na uandike chini nani alizipiga." Nimezitundika jana. Watu wanasimama. Kando yake nimeweka ile picha yako ya ukuta mweupe, uliyonitumia, na nimeandika: *Hii ni ya mpwa wangu.* Wanaosimama kwa hiyo ni wengi zaidi, na nimekaa na kiti changu mlangoni makusudi, ili wakiuliza niwepo.

Kamera yako nimeipokea. Ni nyepesi mno, mara ya kwanza nilidhani umesahau kuweka kilicho ndani. Nimempiga paka mara arobaini na mbili. Katika moja ana macho.

Sasa sikia. Binti wa mwalimu mstaafu anaolewa Jumamosi ijayo kwenye uwanja uleule wa shule, na nyanya yake mzaa baba hawezi tena kutoka kitandani. Mwalimu alikuja kuniuliza kama namjua mpiga picha mzuri wa nje. Nikamwambia namjua mmoja, lakini yuko mbali, kwa hiyo itabidi aridhike na mjomba wake. Nitaanza na maharusi kwenye kivuli cha darasa la tatu, halafu nitakwenda moja kwa moja kwa yule nyanya, keki wakate wenyewe. Nimechaji betri. Na ya akiba nimeazima.

Nijibu kwa basi la kwanza. Kuna kitufe cha kufuta picha, umekiandika lakini hukusema kiko upande gani. Nataka nikibandike karatasi mapema, kidole changu kisikiguse.

Mjomba wako anayejivuna,
Tabasamu